Kikohozi cha Njia ya Nzilo

Kama wewe ni mtu wa baiskeli, tena baiskeli ya milimani kwenye mawe na vumbi, na una kikohozi kisichotaka kwisha, weka chini hicho kikombe cha maziwa unisikilize. Mimi nilikunywa maziwa kiangazi kizima. Kama maziwa yangekuwa dawa ya kifua, leo ningekuwa na kifua cha ng'ombe dume.

Ninaitwa Ilunga. Nina karakana ndogo ya baiskeli hapa Kapata, nje ya Kolwezi, mbele ya nyumba tuliyoachiwa na baba yangu. Siku za kazi ninanyoosha magurudumu ya watu wanaobeba makala, yaani mkaa. Jumapili, baada ya misa ya kwanza, ninaongoza kikundi chetu cha waendeshaji. Hatushindani na mtu, wala hatuna jezi. Ni walimu, makarani na fundi umeme mmoja, watu wazima wenye familia, ambao badala ya kukaa kwenye viti vya plastiki mbele ya chupa wanakwenda kujitesa vilimani.

Njia yetu kubwa inaiacha lami na kuelekea upande wa ziwa la Nzilo. Sikushauri uje kama bado unajifunza. Mwanzoni ni udongo mwekundu uliojikunja kama bati, na ukifika mwisho wake vidole havisikii breki. Halafu inaingia porini, inashuka kwenye mabonde yaliyochimbwa na mvua, inapanda tena juu ya kokoto zinazokimbia chini ya tairi. Kisha kinakuja kile kilima tunachokiita Kisogo. Tunakiita hivyo kwa sababu ukiwa nyuma, kisogo cha mwenzako ndicho kitu pekee unachokiona, mlima umekuziba pande zote. Ukisimama juu ya pedali, gurudumu la nyuma linazunguka bure. Ukikaa nyuma mno, la mbele linanyanyuka. Inabidi ukae katikati, uiname, uchague gia nyepesi mapema, na upumue. Kupumua ndiyo kazi yote ya Kisogo.

Kwa hiyo nilipougua, swali langu halikuwa kama nitakufa. Hilo aliliogopa mke wangu, Mama Dorcas, na alikuwa na haki. Mimi nilitaka kujua kama nitapanda Kisogo tena. Unaweza kunicheka, lakini kila mgonjwa ana kitu kimoja anachokidai kirudi, na mara nyingi si kile ambacho familia inakiombea.

Huku kwetu kiangazi kikiingia kila mtu anakohoa. Malori ya madini yanapita mchana kutwa, majani ya miti yanakuwa mekundu, nguo nyeupe hazianikwi nje. Baba yangu alifanya kazi kwenye kinu cha kusaga mawe, na wafanyakazi wa kule walipewa maziwa ili yaoshe vumbi kifuani. Hivyo ndivyo tulivyolelewa. Ukikohoa, unapewa maziwa. Ukiendelea kukohoa, unaongezewa maziwa. Hakuna mtu Kapata ambaye angeniangalia nikikohoa mwezi wa nane akaniuliza jambo jingine zaidi ya, "Ulishaka kunywa maziwa?"

Nilikunywa. Nikawa pia nikiilaumu baiskeli, maana fundi akiumwa hutafuta ubovu kwenye chuma. Kisogo kilipoanza kunishinda pumzi nilisema gia zimechoka, nikabadilisha cheni. Kisha kiti kikaanza kuniumiza. Nikakitoa, nikaweka kingine cha ngozi, kikaumiza zaidi. Nikaweka cha tatu chenye sponji, cha mama mmoja aliyeileta baiskeli yake kutengenezwa, nikamwomba radhi. Kumbe kiti hakikuwa na kosa. Nyama ya makalio yangu ndiyo iliyokuwa imekwisha, nikawa nakalia mifupa.

Mama Dorcas aliona kabla yangu. Alikuwa akigeuza shuka zangu asubuhi zikiwa zimelowa jasho, na baridi ya kiangazi ilikuwa bado inauma.

"Tata Dorcas, weye unagonjwa," alisema. Tata kwetu ni baba.

"Iko mavumbi. Mvula ikikuya, mavumbi italala, na kikohozi italala."

Nilikuwa nimejiwekea mpango huo na nikauamini. Mvua zikaja. Vumbi likalala, likawa matope mazuri mazito. Kikohozi hakikulala. Jumapili moja ya mwanzo wa mvua tulikuwa tumefika nusu ya Kisogo, mimi mbele, rafiki yangu Kalenga nyuma yangu. Kalenga ni mwalimu wa hesabu, mtu wa maneno machache. Kikohozi kilinishika nikainamia usukani, nikatema kwenye mawe. Kalenga akasimamisha baiskeli.

"Tata, ile iko damu."

"Iko mavumbi. Udongo ya huku si iko mwekundu?"

"Mavumbi gani? Jana mvula ilinyesha siku muzima."

Tuligeuza baiskeli pale pale, jambo ambalo kikundi chetu hakikuwa kimefanya tangu kuanza kwake.

Sasa nikueleze kuhusu kungoja, kwa sababu hakuna aliyenieleza. Kwenye kituo cha afya, benchi la wanaokohoa liko nje, chini ya bati, mbali na benchi la wanawake wajawazito. Mvua ikinyesha kwa upepo, inakulowesha magoti. Unapewa kikopo, unaambiwa ukohoe kwa nguvu, kitoke kitu kutoka ndani kabisa. Mimi niliyekuwa nikikohoa mpaka majirani wanagonga ukuta, siku hiyo nikashindwa kutoa chochote isipokuwa mate. Watu wa benchi wananiangalia, kikopo kiko mkononi, mimi ninakohoa kama mtu anayeigiza. Nikaambiwa nirudi kesho na makohozi ya alfajiri. Kesho yake umeme ulikatika, mashine haikufanya kazi. Siku iliyofuata aliyekuwa na ufunguo wa maabara alikwenda mazishini. Nilikuwa na hasira ya kutosha kupasua lile benchi. Na ukiwa na kifua kibovu huwezi hata kukasirika vizuri. Ukipaza sauti unakohoa, basi watu wanakuonea huruma badala ya kukuogopa.

Muuguzi wa kifua pale ni Mama Odile, mwanamke mfupi mwenye sauti ya mtu anayeuza sokoni. Ndiye aliyeniambia. Hakuzunguka.

"Tata, uko na tebese. Kifua kikuu. Dawa iko, haulipe kitu. Miezi sita. Kila asubui unakuya hapa, unameza mbele ya macho yangu."

"Na baiskeli?"

"Baiskeli njo ilikuleta hapa?"

"Hapana, nilitembea."

"Bon. Endelea kutembea."

Dawa zile, ndugu yangu, usiziogope, lakini usitarajie zikupende. Mkojo wangu ulitoka rangi ya Fanta na nikadhani ninavuja damu. Mama Odile akacheka, akasema angenionya lakini wanaume hawasikilizi wakiambiwa mambo ya choo. Tumbo liliwaka. Kisha viungo vikaanza kuuma, na kati ya viungo vyote vya mwili, vilivyochagua kuuma vilikuwa magoti. Magoti yangu! Nilikuwa nimeyatunza kuliko meno. Asubuhi nilikuwa nikishuka kitandani kama mzee wa miaka themanini, nikishika ukuta.

Nyumbani kila kitu kiligawanyika. Sahani yangu ikawa na alama ya rangi nyekundu, kikombe pia. Nilimuuliza Mama Odile, akasema sahani haina shida, la muhimu ni hewa, madirisha yafunguliwe. Nikarudi na habari hiyo kwa furaha, nikamwambia mke wangu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akafungua madirisha yote, na sahani yenye alama ikabaki vilevile. Mama mkwe alikuja kutoka Kasaji na kuku wawili na maoni. Alisema mwanaume mwenye nguvu zangu hakondi bure, kuna mtu ananionea wivu kwa ajili ya baiskeli. Nilimjibu vibaya. Kuku tulikula, lakini alirudi kwao kabla ya siku aliyopanga, na kosa hilo nililipia kwa Mama Dorcas wiki nzima kwa bukari baridi, ndiyo ugali wetu.

Binti yetu Dorcas alipimwa, akaonekana mzima, akapewa dawa ya kumkinga, na akapelekwa kulala kwa shangazi yake mitaa miwili mbele mpaka nitakapokuwa siambukizi tena. Hilo liliniuma kuliko magoti. Akitoka shule alisimama nje ya dirisha langu, akanisimulia mambo ya darasani kwa kupiga kelele, majirani wote wakisikia nani alipata sifuri. Ilikuwa saa yangu nzuri ya siku.

Halafu kukatokea suala la pedali. Mwezi wa kwanza wa dawa homa ilikwisha, nikaanza kula, nikajiona nimepona. Asubuhi moja nilikwenda karakana kuigusa tu baiskeli, kuipaka mafuta, naapa. Nikakuta haina pedali. Mikono ya chuma imebaki mitupu, inachekesha na kuudhi. Nilitafuta kwenye masanduku ya vipuri, chini ya kitanda, mpaka ndani ya mfuko wa unga. Mama Dorcas alikuwa akichambua sombe, majani ya muhogo, hakuinua uso.

"Unatafuta nini?"

"Unajua ile minatafuta."

"Haiko humu mu nyumba. Usichoke bure."

Baadaye niligundua kwamba ufunguo wa kufungulia pedali hizo anao mtu mmoja tu zaidi yangu. Kalenga. Rafiki niliyemfundisha kupanda Kisogo! Alikuja Jumamosi kama kawaida yake, akakaa nje kwenye kigoda upande wa upepo, nikamwuliza. Hakukana.

"Mama Dorcas aliniomba. Alilia, tata. Ningefanya namna gani?"

"Ungekataa."

"Mi najua kukataa weye. Kukataa yeye siwezi."

Sikuongea naye Jumamosi hiyo yote. Yeye alikaa tu, mpaka muda wake wa kuondoka ulipofika, akaaga, na Jumamosi iliyofuata akaja tena. Nasema hili kwa wewe unayemtembelea mgonjwa mwenye hasira: kaa. Hakuna kingine cha kufanya, kaa tu kwenye kigoda.

Jumapili ilikuwa mbaya zaidi. Kikundi kilikwenda bila mimi, na kwa kuwa mvua hubadilisha njia kila wiki, walipotea, wakanipigia simu. Mimi nimelala nikisikiliza upepo wa Nzilo kwenye simu na watu wanahema. Kuhema kuzuri kwa watu wazima wenye afya! Wananiuliza kama wapite kushoto kwenye kichuguu au kulia kwenye mto. Niliwaelekeza. Nilijua kila jiwe. Nikikata simu nilikuwa nageukia ukuta, na Mama Dorcas alijua asinisemeshe mpaka chakula.

Mwisho wa mwezi wa pili nilikohoa tena kwenye kikopo. Nilikuwa na uhakika. Nilikuwa nimeongezeka uzito, uyoga ulikuwa umejaa sokoni na nilikuwa nikila sahani mbili. Mama Odile alitoka na karatasi, na sauti yake ya sokoni haikuwepo.

"Badudu bangali bamo, tata."

Wadudu bado wamo. Nilimeza kila kidonge mbele ya macho yake, kila asubuhi, katika mvua na matope, na bado wamo. Akasema watatuma makohozi yangu kupimwa kama wadudu hao wanaisikia dawa au wanaikataa. Kama wanaikataa, ni dawa nyingine, ndefu zaidi na kali zaidi. Tusubiri majibu.

Hapo ndipo nilipokata tamaa, na sitaki kukudanganya kwamba nilikuwa jasiri. Nilikaa kwenye lile benchi mvua ikipiga magoti yangu na nikalia kwa hasira. Sikulia kwa kumwogopa Mungu wala kifo. Nililia kama mtu aliyefika karibu na kilele akaambiwa mlima umeongezwa. Bibi mmoja aliyekuwa akingoja kikopo chake alitoa muhindi wa kuchoma kwenye kitambaa, akaumega katikati, akanipa nusu. Hakusema pole wala hakuuliza jina. Tulikula muhindi. Sijamwona tena, na kama yu hai namtakia meno mazuri.

Majibu yalichelewa, mvua kubwa zilikuwa zimekata barabara. Siku hizo nyumba yetu haikuwa na amani. Nilimfokea mke wangu kwa ajili ya chumvi, kwa ajili ya mlango, kwa ajili ya redio. Siku moja aliweka sufuria chini kwa kishindo.

"Unazania weye peke yako njo mugonjwa? Mi nalala na masikio wazi. Nahesabu mapumuzi yako. Ukikamata kimya, naamuka. Nimechoka, Tata Dorcas. Mi pia nimechoka!"

Sikujua. Nilidhani analala. Nikachukua jembe dogo nikaenda kumpalilia mchicha wake nyuma ya nyumba. Nilipalilia vibaya, nikang'oa na mchicha wenyewe. Aliona, akacheka kwa mara ya kwanza tangu majibu yale.

Kisha Mama Odile akaniita. Wadudu wanaisikia dawa. Wale walioonekana huenda walikuwa maiti wanaotoka, akasema, mwili unafagia. Mwezi uliofuata kikopo changu kilikuwa safi, na Dorcas akarudi nyumbani na begi lake, akapitia mlangoni badala ya dirishani. Nilimeza vidonge vilivyobaki mpaka mvua zikaisha na baridi ikaingia, na barabara ikaanza tena kutoa vumbi. Asubuhi ya kidonge cha mwisho nilitaka kupiga kelele. Mama Odile alinionyesha picha ya kifua changu, akaweka kidole juu, upande wa kushoto.

"Hapa kuko kovu. Kovu haipumuke. Itabakia."

"Nitapanda Kisogo?"

"Tata, dawa yangu ilikuwa ya badudu. Ya kilima sina."

Ukimaliza dawa na bado ukaona pumzi ni fupi, jua kwamba huo si uzembe wako, na mtu asikwambie umepona kabisa eti kwa sababu karatasi ni safi. Karatasi ni ya wadudu. Mimi niliipokea ile habari vibaya, na bado sijaipokea vizuri.

Kalenga alirudisha pedali, akazifunga mwenyewe bila kuniangalia. Nilizunguka Kapata kwanza, nyumba kwa nyumba, halafu barabara ya bati, halafu mabonde. Wiki nyingi. Mwishoni nikasema Jumapili hii ninapanda. Mama Dorcas hakubisha. Alifunga kitambaa kichwani, akakodi pikipiki, akasema atafuata nyuma, na kama nitaanguka atanipakia kama gunia la makala.

Chini ya Kisogo kila mtu akaangalia gia yake. Nilianza mbele. Nilikaa katikati, nikainama, gia nyepesi. Miguu ilikuwepo. Pumzi ikaja, ikaja, kisha ikafika mahali ikagonga ukuta. Nikaivuta, haikushuka zaidi. Kokoto zikakimbia, gurudumu likayumba, nikaweka mguu chini. Hata nusu sikuwa nimefika.

Wakanipita mmoja mmoja, wakitazama mbele kwa adabu. Nilichukia adabu yao. Nilitaka kuitupa baiskeli kwenye korongo. Nyuma yangu pikipiki ikazima, nikasikia viatu kwenye mawe. Mama Dorcas alisimama kando yangu, akashika mikono kiunoni, akakitazama kile kilima kilichomlia mume Jumapili zote za ndoa yake.

"Kilima njo hii tu?" akasema.

Nilikosa pumzi ya kucheka. Nikaisukuma baiskeli, naye akatembea karibu, akisimama kila nilipohitaji kusimama, bila kuniuliza kitu. Tulipanda kwa mguu mpaka juu. Wenzangu walikuwa wametulia kabisa, na nilijua wanangojea nini. Mimi pia nilikingojea, nimeinamia usukani, mdomo wazi. Kikohozi hakikuja.

Kwetu kuna kanuni: aliyeweka mguu chini hushuka wa mwisho, nyuma ya wote, akila vumbi lao. Nilisogea nikasimama nyuma. Kalenga akatingisha kichwa.

"Weye pita mbele, tata. Ju ya mavumbi na kifua yako."

"Niliweka muguu chini."

"Tuliona. Pita mbele."

Nilikasirika. Kanuni hiyo niliitunga mimi, na nilishamlisha vumbi kila mtu pale mpaka akajifunza. Lakini mbele yangu njia ilikuwa tupu, hewa yake safi mpaka ziwani, na kifua nilicho nacho ni hiki tu. Nikapita mbele.

Mama Dorcas alinishika mkono wa shati. "Na ushuke polepole."

Nikamwambia ndiyo. Sikushuka polepole.